Kupiga Moyo Konde

Mdoli hana miguu. Aliletwa Ganjoni kwa tuktuk,
akalazwa mkekani kwenye chumba cha juu,
na sisi tisa, wazoefu wa kubeba machela,
tukaambiwa: mnajua kumkimbiza mgonjwa,
sasa jifunzeni kumkimbilia.

Mwalimu Mkamburi alishuka kutoka Wundanyi na saa ya mkononi
inayolia kila dakika mbili, kama mtoto asiyeshiba.
Sentimita tano, alisema. Si nazi hiyo, Baishe, unakuna.
Nyoosha viwiko. Uzito utoke begani.
Na ukishasukuma, achilia:
moyo hujaa pale unapoachiliwa.
Hilo nililiandika pembeni mwa daftari,
nikalipigia mstari mara mbili, sijui kwa nini.

Kasi ndiyo iliyotushinda. Mmoja anatwanga, mwingine anabembeleza.
Ndipo Lali, dereva, Mbajuni wa maneno machache,
amefunga, midomo imemkauka,
akasema: mishororo miwili ina mizani thelathini na mbili.
Mikandamizo thelathini, pumzi mbili. Hesabu ni ileile.

    Sukuma uachilie, kifua kijiinue,
    usihofu usilie, mbavu zialike —

na hapo, penye mizani mbili zilizobaki,
unaminya puto la hewa. Unaminya tena.
Kina chake ni pumzi.
Mwalimu akapima kwa saa. Akapima tena. Hakusema kitu,
ila kesho yake tulimsikia akiunong'ona ngazini.

Wiki ya pili, mashine.
Mstari unaotapatapa, mwandiko wa mtu
anayeandika ndani ya gari bovu: huo upige umeme.
Sema "Wote mbali!" na utazame kweli, goti la nani linagusa.
Ule ulionyooka haupigwi.
Mtihani wa kwanza niliupiga.
Sikuweza kuuacha umelala vile.
"Umeme hauamshi, Baishe. Umeme hunyamazisha vurugu
ili moyo ukumbuke wenyewe."
Adrenalini, miligramu moja. Saa imelia. Badilishaneni.

Tangu utotoni, kila msiba, naambiwa:
piga moyo konde.
Bibi aliyasema hayo akinifunga leso.
Sikuwahi kufikiri kwamba kuna kifua,
na kuna konde,
na kuna mtu wa kulipiga, jasho likimdondoka puani.

Siku ya mwisho hapakuwa na mashine. Viti viwili tu.
Dakika arobaini zimepita, mmesimamisha, alisema Mwalimu.
Mama yuko nje ya mlango. Mwambie.
Ndurya, pande la mtu kutoka Kaloleni,
akajitanda leso yangu ili awe mama. Tukacheka.

Mwanao ametutoka, nikasema.
"Ametoka kwenda wapi?"
Amelala.
"Basi atangoja aamke."
Ametangulia mbele ya haki.
"Mtazame uso. Bado hajui. Bado anangoja."

Neno lenyewe ninalijua. Kwetu husemwa kwa mbuzi,
kwa betri, kwa mguu uliokaliwa ukafa ganzi.
Nikatafuta la katikati, lenye adabu lakini lisilo na mlango wa nyuma.
Nikamshika Ndurya mkono.
Mama. Mwanao amefariki.

Ndurya hakucheka. Leso ilimteleza begani.
Mwaka juzi, alisema, wodini waliniambia mama anapumzika.
Nikateremka hadi Makupa kumnunulia uji,
wa wimbi, wenye ndimu, ndio aupendao.
Nikakaa benchini na chupa ya chai mapajani hadi alasiri,
kila mara nakaza kifuniko
usije ukapoa.

Saa ya Mwalimu ililia. Hakuizima.
Lali ndiye aliyepiga magoti mbele ya mdoli,
akaweka kiganja juu ya kiganja,
na tukaanza tena mshororo wa kwanza,
kwa midomo tu, bila sauti.